Mchungaji, Mfalme na Bahasha

Katika miaka ya chama kimoja, neno walilolipenda wakubwa walipotaka kuwanyamazisha wachungaji lilikuwa fupi: hubirini Injili, siasa tuachieni sisi. Waliambiwa hivyo wachungaji waliokutana mwaka 1986 chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa na kuupinga upigaji kura wa mlolongo. Likasemwa tena baada ya Mchungaji Timothy Njoya kusimama mimbarini siku ya mwaka mpya wa 1990 na kulinganisha anguko la tawala za Ulaya ya Mashariki na hali ya Afrika. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Neno lile halikufutwa. Siku hizi lasemwa kwa upole zaidi, na mara nyingi wasemao ni wachungaji wenyewe, ilhali Jumapili iyo hiyo mheshimiwa amekalishwa kiti cha mbele na kipaza sauti kinamngoja.

Twataka kulijibu neno hilo kwa kuwatazama Wabaptisti. Si kwamba wao ni bora kuliko Wakristo wengine. Habari zao, kama msomaji atakavyoona, zina mabaya yake. Twawachagua kwa kuwa hawana askofu wa kusema kwa niaba yao. Kila kusanyiko hujitawala. Washirika waliozamishwa majini baada ya kukiri imani kwa hiari yao ndio humwita mchungaji, na ndio wawezao kumwondoa kwa kura. Mchungaji wa namna hiyo akinena juu ya serikali, ama kanisa lake liko nyuma yake, ama anasimama peke yake.

Wa kwanza kuilipa gharama hiyo alikuwa Thomas Helwys, Mwingereza aliyesomea sheria. Alikuwa amekimbilia Amsterdam pamoja na John Smyth na wafuasi wao, kwa maana nchini mwao kusali nje ya kanisa la mfalme lilikuwa kosa. Huko ugenini palikuwa na usalama. Hata hivyo Helwys aliona si haki kujificha ng'ambo na kuwaacha ndugu zake katika mateso. Akarejea, na mwaka 1612 kundi lake likawa kanisa la kwanza la Kibaptisti katika ardhi ya Uingereza, mahali paitwapo Spitalfields, nje ya kuta za London. Karibu na wakati huo alitoa kitabu, na katika nakala moja akaandika kwa mkono wake maneno ya kumwelekea Mfalme James wa Kwanza. Alimkumbusha mfalme kwamba yeye ni mwanadamu wa kufa, si Mungu, na kwa hiyo hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Helwys alitupwa katika gereza la Newgate, na kufikia mwaka 1616 alikuwa amekwisha kufariki.

Liko jambo ambalo wengi hulipita haraka katika habari hiyo. Helwys hakuomba uhuru kwa ajili ya Wabaptisti peke yao. Aliandika kwamba si kazi ya mfalme kumwadhibu mtu yeyote kwa sababu ya imani yake, awe mzushi, awe Myahudi, awe Mturuki, na Mturuki kwa Waingereza wa siku hizo maana yake ni Mwislamu. Kikundi cha watu wachache wanaowindwa kilidai haki kwa ajili ya dini ambazo chenyewe hakikukubaliana nazo. Wale miongoni mwetu wanaodai uhuru wa kanisa huku wakiutazama msikiti wa jirani kwa jicho la husuda na wapasome hapo mara mbili.

Miaka karibu mia mbili ikapita. Oktoba 1801 Wabaptisti wa Danbury, katika jimbo la Connecticut huko Marekani, walimwandikia Rais Thomas Jefferson. Katika jimbo lao lilikuwapo kanisa lililotegemezwa na sheria, nalo halikuwa lao. Walilalamika kwamba uhuru wa dini waliokuwa nao walipewa kama fadhila, wala haukutambuliwa kuwa haki. Na fadhila hutwaliwa na yule aliyeitoa. Jefferson alijibu tarehe 1 Januari 1802, na katika jibu hilo ndimo ilimotoka ile picha ya ukuta kati ya kanisa na serikali.

Siku iyo hiyo alifika kwa Jefferson mchungaji mmoja Mbaptisti, John Leland, akileta zawadi ya watu wa Cheshire, Massachusetts. Zawadi yenyewe ilikuwa jibini, moja tu, yenye uzito wa ratili 1,235, ambazo ni kama kilo 560. Msomaji anaweza kucheka. Watu wa Cheshire walijivunia kwamba jibini yao haikuguswa na mkono wa mtumwa, naye aliyeipokea alikuwa bwana wa watumwa wengi. Lakini tutazame jambo jingine. Jefferson hakupenda kupokea zawadi akiwa madarakani, akaandika katika daftari lake la hesabu kwamba amempa Mchungaji Leland, mleta jibini, dola 200. Zawadi ilitoka kanisani kwenda ikulu, na Rais akailipia. Kwetu mto huo hutiririka kinyume, wala daftari halionekani.

Ukuta huo, hata hivyo, wapo walioufanya maficho. Mwaka 1845 Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walikutana Augusta, Georgia, wakajitenga na wenzao wa kaskazini waliokataa kumtuma mmisionari mwenye watumwa. Umoja walioanzisha ulingoja miaka 150, hadi 1995, kuomba msamaha hadharani. Katikati ya miaka hiyo wachungaji wao wengi walizoea kusema kwamba kazi yao ni roho za watu, na kwamba mambo ya rangi ni siasa. Mchungaji Jerry Falwell wa Lynchburg, Virginia, alihubiri hivyo mwaka 1965, akiwakosoa wachungaji walioandamana kudai haki za watu weusi. Mwaka 1979 Falwell huyo huyo aliunda Moral Majority, chombo cha kuwakusanyia kura wanasiasa aliowapenda. Kati ya 1965 na 1979 hapakuongezwa aya hata moja katika Biblia. Kilichobadilika ni nani aliyefaidika.

Huko Jamaica, Krismasi ya 1831, shemasi Mbaptisti aliyekuwa mtumwa, Samuel Sharpe, aliongoza mgomo wa watumwa, na mgomo ukageuka uasi. Alinyongwa Mei 1832, na wengine mamia waliuawa kwa hukumu. Wazungu wenye hasira wakayabomoa makanisa ya Kibaptisti. Chama kilichomtuma mmisionari William Knibb kilikuwa kimewaagiza watu wake wasijitie katika siasa. Knibb alikwenda Uingereza akasema aliyoyaona, na mwaka 1833 Bunge likapitisha sheria ya kukomesha utumwa.

Afrika nayo ina shahidi wake, na habari zake ni ngumu zaidi. John Chilembwe wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, alipelekwa Marekani mwaka 1897 na mmisionari Joseph Booth, akasoma katika chuo cha Wabaptisti weusi huko Lynchburg, mji ule ule ambao baadaye ungekuwa wa Falwell. Alirejea mwaka 1900, akaanzisha misheni ya Providence huko Chiradzulu, akajenga shule na kanisa kubwa la matofali, akawafundisha watu wake kazi na kujiheshimu. Vita vya 1914 vilipozuka, na Waafrika wakafa katika mapigano ya Karonga dhidi ya Wajerumani, aliliandikia gazeti la wazungu barua. Aliuliza kwa nini Mwafrika maskini aitwe kwenda kufa katika ugomvi usio wake, ilhali wakati wa amani hakumbukwi. Barua hiyo ilizuiwa. Wasomaji wetu ambao babu zao walichukuliwa kubeba mizigo katika vita hivyo, hata Nairobi ikabaki na mtaa uitwao Kariokor, wataielewa bila mkalimani.

Tarehe 23 Januari 1915 wafuasi wake walishika silaha. Wazungu watatu waliuawa, na mmoja wao alikatwa kichwa. Chilembwe mwenyewe alipigwa risasi tarehe 3 Februari, na kanisa lake likabomolewa kwa baruti. Malawi humkumbuka kila tarehe 15 Januari. Sisi hatuisifu damu ile. Tumeshuhudia katika nchi yetu, mwaka 1992 na tena 2007, jinsi panga zisivyochagua. Lakini twauliza: barua ile ingejibiwa badala ya kuzuiwa, je, watu wale wangeondoka kanisani na silaha?

Wabaptisti weusi wa Marekani nao walibishana juu ya mambo haya hadi wakagawanyika. Joseph H. Jackson, rais wa umoja wao mkubwa, hakuzipenda njia za maandamano za Martin Luther King. Mwaka 1961 waliomuunga mkono King walitoka, wakaunda umoja mwingine. King alipouawa mwaka 1968 na barabara iliyopita penye kanisa la Jackson huko Chicago ikapewa jina lake, kanisa hilo lilihamishia anwani yake kwenye mtaa wa pembeni. Ni kisa cha kusikitisha. Hata hivyo Jackson hakuwa kibaraka wa mtu. Aliamini kwa dhati kwamba mahakama na bidii ya kazi zingewafikisha weusi mbali kuliko maandamano, na alilisema hilo wazi. Twaona alikosea. Lakini msimamo wake una heshima kuliko ukimya wa yule angojaye bahasha.

Tufike nyumbani. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubu tena katika mimbari za Kanisa la Kianglikana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa jimbo kuu Katoliki la Nairobi aliagiza zirudishwe fedha zilizotolewa na Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, Kayole. Hayo yalikuja miezi michache baada ya vijana, Juni 2024, kumiminika barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na kuwauliza viongozi wa makanisa bila kupepesa macho wanakula na nani. Maaskofu wakisema, neno hushuka hadi parokia ya mwisho. Kwa Wabaptisti hakuna wa kuliteremsha neno. Kila kusanyiko litaamua lenyewe, na mchungaji wa kijijini ndiye atakayebanwa.

Ugumu wake twaujua. Paa la kanisa limeishia nusu, mshahara wake haujalipwa miezi mitatu, watoto wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mkono mtupu haulambwi. Ndipo mheshimiwa afikapo na laki mbili na wapiga picha wake. Mwandishi wa tahariri aliyeketi mjini hana haki ya kumdharau mchungaji huyo. Lakini siku kijana wa kanisa hilo atakapotoweka baada ya maandamano, na mama yake aje kuomba jina la mwanawe litajwe katika maombi ya Jumapili, mchungaji atalitazama kwanza lile paa jipya kabla ya kufungua kinywa. Hilo ndilo tunaloliogopa. Ukuta waliouomba watu wa Danbury haukukusudiwa kumziba mchungaji kinywa. Ulikusudiwa kuuzuia mkono wa mtawala usifike kwenye kinywa hicho.

Kwa hiyo twawaomba washirika, nao mashemasi hasa, waitishe mkutano wa kanisa kabla ya harambee ijayo, wala si baada yake, na swali liwekwe mezani: mgeni mwenye cheo akitaka kutoa, je, atatoa kama mshirika mwingine yeyote, katika kapu, bila kutangazwa na bila kupewa kipaza sauti? Kura ipigwe kwa siri. Sisi tuliopangwa mlolongo mwaka 1988 twajua sababu. Matokeo yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu, na mchungaji awe na kura moja, kama wengine.