Kiwi cha Macho Mwezini

Aghalabu hudaiwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuelezea sayansi ya anga za juu, hivyo mwanafunzi hana budi kusubiri istilahi ziundwe. Wenye dai hili wamesahau Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini huko, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka 7 ya uhuru wake. Ilikwenda kupokea eksirei za nyota, ambazo hewa ya dunia huzizuia na jicho la mwanadamu haliwezi kuziona.

Hata hivyo, jina moja si msamiati. Mtihani halisi ni pale jicho lenyewe linapopelekwa huko. Kwa nini Neil Armstrong na Buzz Aldrin, walipotua Mwezini Julai 1969, hawakuona nyota ilhali mbingu ilikuwa nyeusi tititi? Jua lilikuwa limechomoza, na ardhi ya Mwezi iliakisi mwanga mkali. Mboni za macho zilikuwa zimejifinya, na nuru hafifu ya nyota haikutosha kuzifikia hisia za jicho.

Mvuvi wa pwani avuaye usiku kwa karabai anaijua hali hii. Akiinua uso kutoka kwenye taa, juu haoni kitu: macho yameingia kiwi. Taa ikizimwa, nyota hujitokeza moja moja kadiri macho yanavyozoea giza, jambo liwezalo kuchukua dakika 20 hadi 30. Kiwi ni neno fupi, lina historia, nalo limo kamusini. Ajabu ni kuwa mfasiri wa leo hulipita akaandika “upofu wa muda unaosababishwa na mwanga mkali”. Je, huo ndio usanifu?

Neno linalotatiza kwa kweli ni anga, ambalo kwetu ni uwazi wa juu na pia ni nuru. Duniani maana hizi mbili huandamana mchana, kwa sababu hewa huutawanya mwanga wa jua. Mwezini hakuna hewa. Jua huwaka na mbingu hubaki nyeusi. Hapo ndipo wanaistilahi wana kazi, na wangefanya vyema kuianzia Ngomeni, kwa wavuvi.