Usidharau Elimu ya Vitu Vidogo

Iko kauli moja ipendwayo sana na watu, nayo ni hii: elimu isiyotia unga chunguni ni upuuzi. Kauli hiyo ina sura ya hekima, na kwa sababu hiyo hudanganya wengi. Nakuomba, msomaji, uipime pamoja nami kabla hujaikubali.

Wako wataalamu watumiao umri wao kuchunguza usumaku wa matabaka membamba ya metali yaliyotandazwa juu ya nusukipitishi. Nusukipitishi ni kitu kisichopitisha umeme kwa wepesi kama shaba, wala kisichouzuia kabisa kama kioo. Matabaka hayo hujengwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, atomu juu ya atomu, kama mwashi apangavyo matofali. Mtu mwenye haraka akisikia habari hii huuliza: Sumaku isiyoweza kuokota hata sindano ina faida gani?

Jibu limo katika historia. Mwaka 1986 Peter Grünberg wa Ujerumani na wenzake walionyesha kwamba matabaka mawili ya chuma yakitengwa na tabaka jembamba la kromiamu yaweza kuelekeza usumaku wake kinyume, kama watu wawili waliopeana mgongo. Mwaka 1988 yeye na Albert Fert wa Ufaransa, kila mmoja na wenzake mahali pake, waligundua jambo kubwa zaidi. Katika kazi ya Fert, matabaka ya chuma na kromiamu yalijengwa juu ya kibao cha galiamu na aseniki, ambacho ni nusukipitishi. Tabaka la kromiamu lililokuwa jembamba kuliko yote lilikuwa na unene wa nanomita 0.9, ungehitaji kupanga zaidi ya matabaka 1,000,000 ya namna hiyo ili kufikia unene wa milimita 1. Umeme ulipata shida kupita penye matabaka yaliyopeana mgongo. Lakini sumaku ya nje ilipoyageuza yakaelekea upande mmoja, ukinzani ulishuka kwa karibu nusu. Jaribio hilo lilifanywa katika baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri.

Siku ile ugunduzi huo haukutia unga katika chungu cha mtu yeyote. Walakini mwaka 1997 kampuni ya IBM ilitoa diski za kompyuta ambazo vichwa vyake vya kusomea vilitumia kanuni hiyo kutambua alama ndogo mno za sumaku. Alama zilipoweza kusomwa zikiwa ndogo zaidi, diski moja ikabeba maandishi mengi zaidi. Mwaka 2007 Fert na Grünberg walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Mpinzani wangu atasema: "Hayo ni ya mataifa yenye mali. Wao wachunguze, sisi tutanunua." Neno hili ndilo hatari kuliko yote. Ni kweli kwamba nchi yenye njaa haina budi kulima kwanza, na si kila uchunguzi huzaa matunda. Lakini kifaa hununuliwa dukani. Akili ya kukitengeneza hainunuliwi. Mnunuzi asiyejua anunuacho ni mateka wa muuzaji: hupangiwa bei leo, na kesho hupangiwa tena. Anunuaye matunda kila msimu, bila kupanda mti hata mmoja, hatakuwa na shamba kamwe.

Wala usidhani kwamba mlango umefungwa. Yule achunguzaye usumaku wa atomu alianza na kipande cha sumaku na unga wa chuma juu ya karatasi, kama vile vilivyo katika maabara ya shule yako. Tofauti ni kwamba yeye hakukariri mistari ile kwa ajili ya mtihani tu, bali aliuliza kwa nini imejipanga hivyo, na hakuona haya kuuliza tena.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Basi, msomaji, mtu akikucheka kwa kupenda somo ambalo faida yake haionekani, usimtukane wala usimtii. Mwulize swali moja tu: ni mti gani uliowahi kuzaa siku ile ile ulipopandwa?