TUTENGENEZE MTAA, TUSIHAMISHWE

Wewe kijana wa Lushoto mjini, unayepanga chumba kule mteremkoni na kushinda sokoni ukibeba matenga ya matunda, jiulize: siku mtaro ukijengwa na barabara ikifika mlangoni, utakuwepo?

Wakubwa wakisema "kuboresha mji", sisi walalahoi tunasikia bomoabomoa. Na milima hii inazijua amri za juu. Miaka ya 1950 Mwingereza aliwalazimisha Washambaa kupiga matuta kuzuia mmomonyoko. Udongo ulikuwa unakwenda kweli, hatukatai. Lakini mwenye shamba hakuulizwa, akahofia kunyang'anywa ardhi. Watu wakagoma, mpango ukafa kabla ya Uhuru.

Sasa tazama Hanna Nassif, Kinondoni, Dar es Salaam. Mtaa uliojengwa holela, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani. Kuanzia 1994 wakazi wenyewe, wanaume kwa wanawake, walichimba mitaro na kutengeneza barabara kwa ujira, Shirika la Kazi Duniani likisaidia. Mtaa haukuvunjwa.

Ila mtaa ukipendeza, kodi hupanda. Mwenye nyumba anabaki, mpangaji anafungasha godoro. Hapo ndipo unapoguswa wewe. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka haki za wanaokaa mahali zitambuliwe kabla ya urasimishaji kutekelezwa, lakini haitakuja kukugongea mlango. Mkutano ukiitishwa, toka kijiweni. Dai kazi ya mitaro wapewe vijana wa hapa hapa, na mkataba wako wa chumba uandikwe kabla jembe la kwanza halijapigwa.