Tairi Kuukuu Katika Zege la Uani

Nyuma ya nyumba nyingi za miji yetu hakukosekani tairi kuukuu lililoegemezwa ukutani. Mafundi wetu wamejua tangu zamani kulifanya katambuga, lakini matairi ni mengi kuliko miguu ya kuyavaa. Likichomwa hutoa moshi wa sumu. Likiachwa hukusanya maji ya mvua, na humo huzaliana mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengue iliyoitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Kwa nini lisiyeyushwe kama plastiki? Mpira wa tairi hupikwa pamoja na salfa, njia aliyoigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839, na ukishapikwa hivyo hauyeyuki tena ukafinyangwa upya. Njia iliyo rahisi ni kuusaga. Nyuzi za chuma huondolewa, mpira hukatwakatwa hadi uwe chembe ndogo, na chembe hizo huchukua nafasi ya sehemu ya mchanga katika zege la matofali ya pevingi.

Hapa ndipo penye neno. Mpira haushikamani vyema na saruji, nao ni laini. Kadiri unavyozidi, ndivyo tofali linavyopungua nguvu. Kiasi kidogo, tuseme sehemu moja katika kumi ya mchanga, kwa kawaida huvumilika. Kikikaribia nusu, nguvu huanguka vibaya. Wapo wanaoziosha chembe kwa kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, ili saruji izishike zaidi.

Tena upo mtego wa mizani. Mchanga ni mzito zaidi ya mara mbili ya mpira wa ujazo uleule. Fundi akiondoa kilo 10 za mchanga na kutia kilo 10 za mpira, ametia zaidi ya maradufu ya alichokusudia, na mwenye nyumba hatajua mpaka tofali limeanza kumeguka. Kinachobadilishwa ni ujazo kwa ujazo, si kilo kwa kilo.

Faida ipo. Tofali hili ni jepesi kidogo, na likipigwa kwa kishindo halipasuki ghafla. Lakini mzazi asidhani ametandika godoro: mtoto akianguka, goti litachubuka vilevile. Mahali pake ni uani, njia ya miguu au uwanja wa madrasa, si langoni yanapopita magari. Anayekuuzia aonyeshe cheti cha maabara cha nguvu ya tofali lenye umri wa siku 28, na akuambie mpira ni kiasi gani. Akisita, nunua la kawaida.

Na lile tairi la nyuma ya nyumba litobolewe matundu leo, maji yapite. Kulimwaga tu hakutoshi, kwani mayai ya Aedes hukaa makavu miezi kadhaa, kisha huanguliwa mvua inaporudi.