Pini Moja, Maisha ya Wengi

Mkazi wa Mwihoko anayeelekea barabara ya Eastern Bypass hukutana na malori ya trela mchana na usiku. Wengi wetu hutazama mwendo wake. Ni wachache wanaojiuliza ni nini kinachoshikanisha trela na kichwa, yaani gari linaloivuta.

Jibu ni pini ya chuma yenye kipenyo cha takriban milimita 50. Pini hiyo huingia katika sahani iliyo nyuma ya kichwa, ikakamatwa na taya. Trela ikiinuliwa mno, pini hukaa juu ya taya bila kukamatwa, na jicho la haraka hudhani kazi imekwisha. Dereva mwangalifu huinama na tochi, akahakikisha kwamba hakuna mwanya kati ya sahani na trela, na kwamba taya zimefunga. Kisha hufunga breki za trela na kuvuta mbele polepole, kuujaribu muungano huo kabla ya kuinua miguu ya trela.

Ukaguzi huu ni wa dakika chache tu. Lakini dereva anayelipwa kwa idadi ya safari huziona dakika hizo kuwa hasara. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yataka gari na sehemu zake zote zisihatarishe watu. Basi trela ikichomoka, tusimlaumu dereva peke yake. Tumuulize na mwenye gari: je, ulimpa muda wa kukagua?

Kamba hukatikia pembamba. Wembamba huo mara nyingi huanzia ofisini, naye mwanafunzi anayevuka barabara ndiye anayeulipia.