Tuwalinde marefa wa mchangani

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee marefa wa mechi za mchangani. Jumapili iliyopita, kwenye uwanja wa mtaani kwetu, refa alitoa penalti dakika za lala salama. Kabla mpira haujatengwa, mashabiki walishavamia uwanja. Mmoja akamnyang'anya filimbi, mwingine akamrushia chupa. Mshika kibendera, kijana mdogo tu, alitimua mbio hadi kijiwe cha bodaboda. Mechi ikavunjika, na posho yao hawakupewa.

Marefa hawa hawana VAR wala polisi, na mara nyingi hawana hata chumba cha kubadilishia nguo. Inaniuma sana kusikia watu wazima wakisema kwamba vurugu hizo ni mambo ya mpira tu. Lakini Desemba 2012, huko Almere, Uholanzi, mshika kibendera wa kujitolea alipigwa na wachezaji vijana baada ya mechi, akafariki dunia siku iliyofuata. Uingereza nako, mwaka 2023, walianza kuwajaribishia marefa wa ridhaa kamera za kuvaa kifuani.

Waandaaji wetu hawahitaji kamera. Wazungushe kamba uwanjani, wamlipe refa kabla ya mechi kuanza, na timu ambayo mashabiki wake wamempiga iondolewe mashindanoni, hata kama ndiyo inayojaza uwanja. Nanyi viongozi wa timu, acheni kumfuata refa wakati wa mapumziko kwenda kumtisha.

Mpenzi wa soka,
Mbagala, Dar es Salaam