Mguu Hukatwa Rufaa, Lakini Hupotea Zahanati

Wadau, bajeti ya afya ikisomwa tunasikia majengo, magari ya wagonjwa na mashine. Safi kabisa. Ila kuna kazi moja isiyokatiwa utepe na mgeni rasmi: muuguzi wa zahanati kumvua mgonjwa viatu na kumkagua miguu.

Vidonda vya miguu havifanani. Damu inashuka mguuni kwa ateri, inarudi moyoni kwa vena. Vena zikichoka, mguu unavimba jioni, ngozi juu ya kifundo inakuwa nyeusi na kidonda kinatokea hapo hapo. Dawa yake ni kuinua mguu na kuufunga bandeji ya kubana hadi chini ya goti. Ateri zikiziba, mguu unakuwa wa baridi, kigimbi kinauma ukitembea na kuacha ukisimama, kidonda kinakaa vidoleni au kisiginoni. Huyu ukimbana bandeji unamnyima hata ile damu kidogo iliyobaki. Bandeji ile ile inamponya mmoja, mwingine inampotezea mguu!

Muuguzi atajuaje? Anagusa mapigo ya damu mguuni. Akiwa na kifaa kidogo cha kusikiliza mtiririko wa damu, anapima presha ya kifundo na kuigawa kwa ya mkono. Ikiwa chini ya 0.9, kuna dalili kwamba ateri zimeziba.

Sasa njooni huku kwetu. Juni na Julai, baridi ya Mufindi na Uporoto si mchezo, watu tunaota moto. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi anaungua bila kusikia. Kidonda kikishindikana, kutoka Iringa mjini hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 300.

Na siyo kwamba njia haijulikani. Mwaka 2004 ulianza mradi wa Hatua kwa Hatua, hapa Tanzania na India, Dk. Zulfiqarali Abbas akiwa mmoja wa viongozi wake. Walifundisha daktari na muuguzi pamoja, wakarudi vituoni kwao wakiwa timu. Hapo ndo penye siri: muuguzi ndiye anayefunga kidonda kila siku.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Jambo jema, lakini kadi haigusi mguu. Hoja yangu: kila kliniki ya presha na kisukari, viatu vivuliwe, na muuguzi apewe mafunzo, kifaa na muda.

Na sisi vijana? Sigara inaharibu ateri, tuache. Ukimpeleka bibi kliniki, sema kwa heshima: "Samahani nesi, naomba umwangalie na miguu." Haina gharama.

Nawasilisha.